Concord: Jinsi Tarehe za Maua Zilivyolinganishwa

Kati ya mwaka 1852 na 1858, mwandishi Henry David Thoreau alizunguka misitu na mabwawa ya Concord, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, akiandika siku ambayo kila mmea ulitoa ua la kwanza. Baadaye Alfred Hosmer, mwenye duka mjini humo, aliifanya kazi hiyohiyo mwaka 1878, kisha tangu 1888 hadi 1902. Watafiti Richard Primack na Abraham Miller-Rushing wakapita humohumo kuanzia 2004 hadi 2006. Rekodi hizo zinagusa zaidi ya aina 500 za mimea.

Kutembea kila mtu anaweza. Kazi ilikuwa kuzilinganisha rekodi, maana tarehe ya ua la kwanza ni kipimo kinachoyumba. Anayepita kila siku ataliona ua mapema kuliko anayepita mara moja kwa wiki. Tena mmea uliotapakaa kote hauwezi kukosa shina moja lenye haraka, ilhali mmea uliobakiwa na mashina machache utaonekana umechelewa hata kama joto halijaugusa. Ndiyo maana nauheshimu sana uamuzi wa watafiti hawa wa kuchuja aina 43 tu zilizo za kawaida kwa hesabu yao kuu. Kuacha data nyingi kiasi hicho kunahitaji ujasiri.

Waligundua kwamba mimea ilikuwa ikichanua wastani wa siku 7 mapema kuliko enzi za Thoreau. Joto la Concord lilikuwa limepanda kwa nyuzi 2.4 za Selsiasi, kutokana na mabadiliko ya tabianchi na pia kukua kwa miji. Wastani huo, hata hivyo, unaficha mengi: mimea ya ukoo mmoja, inayoota eneo moja, iliitikia joto kwa namna tofauti kabisa. Na utafiti mwingine wa hukohuko ulionyesha kuwa ndege wengi wahamaji hawakubadili sana siku zao za kuwasili. Hilo linanitia wasiwasi kuliko zile siku 7, kwa kuwa ndege hula wadudu, na wadudu hufuata majani na maua.

Anayetaka kuanza kuweka rekodi kama hizi katika bustani ya jirani achague miti iliyo mingi, aitie alama, airudie ileile, na aandike pia siku alizokuta matumba hayajafunguka.