Swali Lisilohitaji Jibu? Nani Kasema?

Kila aliyesoma Fasihi ya Kiswahili sekondari anaijua hii: swali la balagha ni swali lisilohitaji jibu. Unaiandika, unatoa mfano mmoja kutoka kwenye shairi, unapata alama yako, maisha yanaendelea. Lakini nikiwasoma washairi wa Mombasa naona ile fasili inatupwaya. Hapa kisiwani palikuwa na kijana wa miaka 22 aliyeuliza swali la neno moja, na serikali ikamjibu kwa kifungo cha miaka mitatu. Kama swali halikuhitaji jibu, mbona alijibiwa?

Swali lenyewe ni *Kenya: Twendapi?* Ndicho kichwa cha waraka uliosambazwa kisirisiri Novemba 1968, uhuru ukiwa na miaka mitano kasoro mwezi. Agosti ya mwaka ule palikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, na wagombea wa KPU, chama cha Oginga Odinga, wakakataliwa karibu nchi nzima kwa madai kwamba fomu zao zina kasoro. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Kuze, alikuwa akifanya kazi ya hesabu katika Manispaa ya Mombasa, na nje ya kazi alikuwa mtu wa KPU. Akaandika. Machi 1969 akafungwa kwa uchochezi, akatoka Machi 1972.

Hadithi hii huelezwa kama hadithi ya ushujaa, na ni kweli ni ushujaa. Lakini mimi nataka tukae kidogo na lile neno. Angeweza kuandika "Mwatupeleka wapi?" Hapo pangekuwa na nyinyi mnaopeleka na sisi tunaopelekwa, na ingekuwa lawama ya kawaida ya upinzani. Yeye akaandika "twenda". Muulizaji amejiweka ndani ya gari lile lile na dereva. Fikiria matatu ya Kisauni imekata kona isiyokuwa yake, abiria mmoja akauliza, "Jamani, twendapi?" Hajamtukana dereva, hata hajasema njia ni mbaya. Lakini abiria wote wameshanyanyua vichwa kutazama dirishani, na kuanzia hapo dereva hana raha. Nadhani kilichoichoma serikali ni ile "tu", pengine kuliko hoja zote zilizofuata chini yake.

Kiswahili chetu kina maswali ya kila namna, na mengi hayaulizwi ili mtu ajue kitu. Salamu peke yake ni msururu wa maswali: u hali gani, watu wa nyumbani je, watoto hawajambo? Majibu yalishapangwa zamani. Hata kama jana umefukuzwa kazi, ni "njema" na "alhamdulillahi", halafu habari yenyewe inakuja baadaye, taratibu, kama ikija. Kisha kuna "mbona". Wanaojifunza lugha huambiwa "mbona" ni sawa na "kwa nini". Si sawa! "Kwa nini hukuja?" ni la mtu asiyejua sababu. "Mbona hukuja?" ni la mtu aliyekungoja. Ukiulizwa "mbona" ujue tayari una deni.

Deni ndilo neno ninalolitafuta. Katika utamaduni wa kujibizana wa mji huu, ubeti ukirushwa lazima urudishwe, tena kwa bahari ile ile na vina vyake, na anayenyamaza ameshindwa. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa zama za Wamazrui na kufariki yapata 1840, amebaki kwenye ndimi za watu kwa mambo mengi, lakini moja ni hilo la kutupiana mafumbo na washairi wenzake na kudai jibu. Watu hupenda kusema Muyaka ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalileta sokoni. Sawa, lakini sokoni kuna kuulizana bei, na bei ukiulizwa huwezi kukaa kimya.

Kwa hivyo nausoma waraka wa 1968 kama ubeti uliorushwa kwa mtu asiyejua mchezo. Mtu wa Mvita aliuliza kwa desturi ya Mvita akingojea kujibiwa kwa hoja, na upande wa pili haukuwa na ubeti, ulikuwa na Kamiti.

Kule ndani, akiwa amefungiwa peke yake, aliandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyokuja kuwa *Sauti ya Dhiki*. Na hapa natofautiana na mashabiki wengi wa kitabu hiki, wakiwemo marafiki zangu wanaoweka beti zake kwenye status kila siku ya taifa. Wengi hupenda "Siwati", shairi la msimamo: mshairi anasema haachi alichokishika. Nalipenda pia, lakini silirudii. Msimamo ukishausikia umeshausikia, wewe msomaji umebakiwa na kupiga makofi tu. Shairi ninalolirudia ni "Kuno Kunena". Pale mfungwa anauliza kulikuwa na nini katika kusema hata kusema kukamfungia. Sauti za k na n zinasukumana mstari kwa mstari mpaka ulimi unajikwaa. Ukilisoma kimya unaweza kudhani ni mbwembwe za fundi anayejionyesha. Lisome kwa sauti, taratibu, uone unavyohangaika kulitamka. Mtu amefungwa kwa sababu ya kunena, na hata wewe uliye huru kulinena shairi lake ni kazi.

"Mnazi" nalo ni la aina hiyo. Alii na Badi wanagombania mnazi, kila mmoja ana zamu yake ya kusema, na kila dai linarudishiwa dai. Mtu aliyefungwa kwa kuuliza anaketi selo na kutunga mabishano ambamo pande zote mbili zinaruhusiwa kujibu. Alijitungia baraza aliyonyimwa.

Kwa baraza hatujambo. Kibokoni jioni, kahawa chungu ikipita, maswali yanarushwa mpaka isha. Kai Kresse, Mjerumani aliyekaa na wazee wa pale, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mazungumzo yale ni falsafa, *Philosophising in Mombasa*, 2007. Kizuri, ila kipo kwa Kiingereza na vijana wa Kibokoni niliowauliza hawajawahi kukiona. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili. Kule mhadhiri mmoja alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Hilo halimo kwenye silabasi." Barazani hakuna anayekwambia hivyo. Watakwambia huna adabu, au hujui kitu, lakini swali lako litajibiwa.

Tusijidanganye pia kwamba kila swali ni zuri. Kijana wa Mji wa Kale mwenye jina la Kiislamu akienda kutafuta kitambulisho anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa wapi na cheti kiko wapi. Anayeuliza hatafuti historia ya familia. Anataka ujione mgeni kwenye mji ambao makaburi ya wazee wako yamo. Swali hilo limejengwa kwa "wewe" tupu: watoka wapi? Sasa liweke mbele ya lile la Abdilatif. Huyu anataka kujua mwenzake atoka wapi, yule anauliza sote twendapi.

Juni 2024 tulipoingia barabarani dhidi ya Mswada wa Fedha, hapa Mombasa kama kwingine, tulipiga kelele za amri: kataa, ondoka. Amri ina faida yake, maana tarehe 26 rais alitangaza hatatia sahihi. Watu walilia kabla ya hapo, wengine walikufa. Lakini mswada ukiondolewa, amri imekwisha kazi, na kila mtu amerudi kwao na swali lake mfukoni. Kuna wenzangu wanaosema kuuliza ni udhaifu, kwamba muda wa maswali umepita. Nawajibu wasome tena waraka wa 1968 na wajiulize kwa nini ni neno moja lenye alama ya kuuliza lililobaki vinywani, wakati hotuba za mwaka ule hakuna anayezikumbuka.

*Sauti ya Dhiki* ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yule yule rais aliyekuwa ameulizwa twendapi. Mshindi wakati huo alikuwa ameshahamia Dar es Salaam.