Kicheko, Wimbo na Neno la Mwisho: Vipindi vya Michezo ku Radio Zetu za Jamii

Tunapoandika juu ya desturi tunakimbilia mali ya ndoa, matanga ao kupewa jina. Radio tunaiacha pembeni, kwani tunaiona kuwa chombo cha kuja. Lakini kipindi cha siku ya posho mangaribi, chenye wanamuziki ndani ya studio na wachekeshaji mbele ya mikro, kimekwisha kuwa desturi mu nyumba zetu. Mama anapika akisikiliza, watoto wanarudilia maneno ya mchekeshaji kesho yake njiani. Basi swali langu ni hili: kipindi cha namna hii kingali kinafanya kazi ya desturi, ao jina tu njo limebaki? Mimi naona hivi: kicheko kinaishi pale musikilizaji anapata nafasi ya kujibu. Na mara nyingi nafasi ile imekwisha kuuzwa.

1. Muchezo ulitoka wapi

Lubumbashi haikungojea radio za jamii kwa kujua kucheka pamoja. Mbele ya uhuru wa 1960, wakati muji ulikuwa ukiitwa Élisabethville, komini ya Kenya ilikuwa na kikundi cha Jecoke, maana yake « Jeunes Comiques de la Kenya ». Kuchekesha, kuimba na kucheza vilikuwa kazi moja. Hakuna aliyeuliza wapi muziki unaishia na wapi teatre inaanzia. Mu desturi ile ile Mufwankolo na kikundi chake wakajulikana na kila nyumba, kwanza ku radio, kisha ku televisheni.

Ginsi walivyofanya kazi inatupasa kuikumbuka. Hawakujifunza maneno kwa kichwa kutoka ku karatasi. Walipatana juu ya hadisi na juu ya sehemu zake, kisha kila muchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwanachuoni Johannes Fabian ameeleza jambo hili mu kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990. Anaonyesha ginsi, mu mwaka 1986, mezali moja juu ya utawala ilizaa muchezo muzima ulioitwa Le pouvoir se mange entier. Wachezaji walibishana kwanza juu ya maana ya mezali, kisha wakaipa mwili: chifu, kijiji, ugomvi. Ilikuwa wakati wa chama kimoja. Hadisi ya chifu wa kijiji iliweza kuingia mu masikio ya kila mutu, na kila mutu alijiamulia mwenyewe ni chifu gani.

2. Wimbo haiko mapambo

Mu hadisi za mangaribi za wazee wetu, wimbo unakaa ndani ya hadisi yenyewe. Mwenye kusimulia anauanzisha, wasikilizaji wanaitikia. Pale njo wanaingia mu hadisi. Bila wimbo, mwenye kusimulia anabaki peke yake na maneno yake.

Inje ya hapo tunaelewa kwa nini mwanamuziki anapashwa kuwa pale pale, mu studio. Katanga haikukosa watu wa kazi hiyo. Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mu 1952, alipiga gitaa moja ukasema ni mbili. Na karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, haijatenga hata siku moja wimbo na kichekesho: nyimbo zake ni ndefu, zinasimulia habari za mutaa na kumucheka mwenye makosa.

Mupigaji mwenye masikio anamusikia muchezaji. Muchezaji akidanganya, uzi mumoja unalia kama kusema « kweli? ». Mulevi akikosa neno la kusema, wimbo unamuokota. Lakini flash disk haisikie mutu. Tunajua sababu za kuileta: haiombe pesa ya taksi, haiombe chakula, mikro moja inatosha. Sababu ni za kweli. Hata hivyo kipindi chenye flash disk kimepoteza mwitikiaji wake wa kwanza.

3. Mwenye kulipa na mwisho wa hadisi

Sheria namba 96-002 ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa habari ilifungulia radio nyingi mulango. Zingine zilikuwa zimetangulia: kule Bukavu, Radio Maendeleo ilianza mu 1993, na ikawa na vikundi vya wasikilizaji vilivyokutana na kuzungumuza mambo yao wenyewe. Kusikiliza kwa namna ile kulikuwa kujibu. Lakini radio ya jamii inaishi na komunike, na salamu za kulipiwa, na mikataba ya mashirika. Shirika linapolipa muchezo, linaleta pia mwisho wake.

Tuchukue muchezo juu ya chanjo. Tangu dakika ya kwanza tunajua nani mujinga: ni baba anayekataa. Jirani ana akili, muuguzi ana subira, na mwishoni baba anaomba musamaha. Hakuna anayecheka kweli, kwani hakuna jambo linaloweza kwenda njia ingine. Sasa tumuache yule baba aseme woga wake: « Mara ya mwisho balimutukana bibi yangu mbele ya batu, na pesa balikamata. » Hapo nyumba yote inacheka, kwani inajua jambo hilo. Na muuguzi analazimishwa kujibu kweli kweli. Mafundisho yatapita vizuri zaidi, maana yamepita mu kinywa cha mutu tunayemujua.

Wengine watasema: bila pesa ya mashirika hakuna kipindi, na wakati wa kolera maneno wazi yanaokoa watu. Ni kweli. Basi maneno wazi yatangazwe wazi, kama komunike. Tusiyavalishe nguo ya mchekeshaji.

4. Tunamucheka nani?

Habari zinasomwa mu Kiswahili bora, vichekesho vinachezwa mu Kiswahili chetu cha kila siku, na Mukubwa wa kazi anachanganya Kifaransa kusudi aogopwe. Utajiri huo unakufa pale muchezo unaandikwa mu biro kwa Kifaransa na kutafsiriwa neno kwa neno. Wachezaji wanaongea kama barua ya serikali.

Lakini hata lugha yetu iko na hatari yake. Kuiga matamshi ya kabila lingine kunaleta kicheko cha haraka. Mu jimbo lililoona watu wa Kasai wakifukuzwa mu 1992 na 1993, hatuwezi kusema ni mizaha tu. Kipimo ni kile kile: yule tunayemucheka, iko na nafasi ya kujibu? Chifu, bwana wa nyumba, hata mutangazaji mwenyewe, wanayo. Mujane, mukimbizi na mugeni asiyejua lugha hawana, isipokuwa muchezo uwape mikro. Mufupi anapocheka murefu, watu wote wanafurahi. Murefu akimucheka mufupi kila juma, nyumba moja itazima radio, na itakuwa na haki.

5. Maombi yetu

Kwa wakubwa wa radio: muwe na mupigaji mumoja wa kweli, hata kama ni mumoja tu, na mualike watu wa mutaa kukaa mu studio. Kwa mashirika: mulete jambo, muache wachezaji watafute mwisho. Kwa chama chetu: tukusanye kaseti na rekodi zilizobaki mu nyumba za watu, tuziandike mu Kiswahili chake, na majina ya wachezaji. Muchezo wa 1986 tunaweza kuusoma leo kwa sababu mugeni mumoja alichukua shida ya kuandika. Mingine ilipita hewani, na wale waliyoisikia wanazeeka.