Usawiri wa Wenyeji wa Usukuma katika Filamu ya Mountains of the Moon

Sehemu hii inahakiki usawiri wa wenyeji wa Usukuma katika filamu ya kihistoria ya Mountains of the Moon (1990), iliyoongozwa na Bob Rafelson. Filamu hiyo inasimulia safari ya Richard Burton na John Hanning Speke ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Uteuzi wake unatokana na eneo la utafiti: Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa wenye makao makuu yake Bariadi, humwaga maji katika Ghuba ya Speke. Mto una jina la wenyeji; unapoishia pana jina la mgeni.

Mwaka 1858, Burton akiwa amebaki Kaze (Tabora), Speke alielekea kaskazini kupitia Usukuma hadi ziwani, Mwanza. Safari hiyo iliwategemea wapagazi, wakalimani, chakula cha wakulima na ridhaa ya watemi. Katika filamu, hata hivyo, mgogoro mkuu ni nani kati ya Waingereza wawili alikuwa sahihi. Swali hilo linachukulia kwamba ziwa halikujulikana kabla ya Speke. Waliolijua kwa jina la Nyanza hawaulizwi. Wanabaki kuwa sehemu ya mandhari.

Si haki kudai kwamba Waafrika wote katika filamu hawana majina. Wamo Sidi Mubarak Bombay, aliyeigizwa na Paul Onsongo, na Mabruki, aliyeigizwa na Delroy Lindo. Lakini uzito wao katika kisa unatokana na kuwa kando ya wazungu. Bombay wa historia alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India, kisha akarejea. Baadaye alisafiri pia na Stanley, na alivuka bara na Cameron. Maisha hayo yangetosha kubeba filamu nzima.

Huenda ikajibiwa kwamba mwongozaji alifungwa na vyanzo vilivyoandikwa na wasafiri wenyewe. Utetezi huu ni dhaifu. Burton aliandika kwa kirefu kuhusu wapagazi, ijapokuwa kwa dharau. Pengo lililomo kwenye filamu, basi, ni la uteuzi, si la ukosefu wa taarifa.

Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inathibitisha kwamba njia nyingine ipo: enzi ya ukoloni Zanzibar inatazamwa kupitia Yasmin na Denge, na kwa Kiswahili. Hata hivyo, kumweka mwenyeji katikati hakumalizi tatizo. Simiyu si ya Wasukuma peke yao. Katika Wilaya ya Meatu wamo pia Wahadzabe na Wataturu. Filamu ya kihistoria itakayotengenezwa Bariadi ikiwafanya hao kuwa mandhari, itakuwa imebadilisha msimulizi tu na kuurithi mtazamo uleule. Kwa hiyo, kigezo cha uwakilishi kinachopendekezwa hapa si idadi ya nyuso za wenyeji, bali ni nani anauliza swali linalosukuma kisa.