Sifuri Tatu Mwanzoni mwa Funksheni

Nilipoteza siku mbili za kaskazi hapa Kojani nikitaka kuokoa baiti 3. Si kilobaiti wala megabaiti, baiti 3, ambazo hata jina la kisiwa chenyewe, lenye herufi 6, halienei humo. Zilikuwa mwanzoni mwa kila funksheni niliyoipitisha kwenye kompaila ya TCC, zote sifuri, na kila nikizitazama naona uzembe wa mtu. Nikajiambia nitazitoa.

Kwanza niseme kwa nini TCC. Anayeishi kisiwa cha mashariki ya Pemba, akavuka kwa chombo kila anapotaka kwenda Wete, na bando lake akalihesabu kama anavyohesabu shilingi, hachagui kompaila kwa sifa zake za mjini. LLVM, iliyoanzwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, ni kazi kubwa na nzuri, lakini kuijenga kutoka kwenye msimbo wake ni kuiua laptop yangu: hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande hula gigabaiti za kumbukumbu, nami nina 2 tu. GCC ya Richard Stallman, iliyotoka 1987, hujijenga mara tatu mfululizo ili ijihakiki. Hapo tena feni ya laptop yalia mpaka watu wauliza kuna nini.

TCC imeandikwa na Fabrice Bellard, Mfaransa yule yule aliyeanzisha FFmpeg na QEMU. Mzizi wake ni OTCC, kijikompaila alichokiandikia mashindano ya mwaka 2001 ya msimbo wa C uliotatizwa kwa makusudi. Mwaka 2004 akaonyesha jambo ambalo hadi leo hunifanya nitabasamu: kompyuta inayowaka, ikaikompaili kanel ya Linux kutoka kwenye msimbo wake chini ya sekunde 15, kisha ikaianzisha. Kompaila ya namna hiyo huingia kwenye flashi ndogo, na huvuka bahari mfukoni bila kula bando.

Flashi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na toleo 0.9.25, la mwaka 2009. Lilijengeka. Nilipolipa programu ya mistari mitano likasema faili crt1.o halipo. Nikalitafuta nikaliona, lipo na limenona. Tatizo ni kwamba toleo hilo lilizaliwa kabla Debian na jamaa zake hawajahamisha mafaili ya namna hii kwenye folda yenye jina la aina ya prosesa, chini ya /usr/lib. TCC ya zamani ilibisha mlango wa nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Toleo 0.9.27, la Desemba 2017, huitafuta folda hiyo lenyewe wakati wa kusanidi, na kwa hilo nikasalimika.

La pili lilikuwa la kufunza zaidi. Nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa sekondari, amekaa juu ya ndoo anatazama kioo. Nimeshajenga, lakini sijasakinisha. Nikaiita TCC pale pale ilipo, kwenye folda ya ujenzi. Ikarudisha kosa ndani ya stdio.h: faili stddef.h halikupatikana.

"Mjomba, hiyo stdio.h imeharibika," akasema.

"Haijaharibika. Hiyo ni ya mfumo, kila siku twaitumia."

"Basi mbona kosa lasema limo humo? Na hiyo stddef.h mimi naiona hapa, folda ya include."

Maswali yote mawili yalikuwa ya haki. Stdio.h huja na maktaba ya C ya mfumo, lakini stddef.h na stdarg.h si za mfumo: kila kompaila hubeba zake, maana ndiyo inayojua saizi za vitu na jinsi inavyopitisha hoja. TCC ambayo haijasakinishwa huzitafuta mahali ambapo zingekuwa lau ingesakinishwa, na huko hakuna kitu. Ndipo kosa likaangukia kwenye faili lisilo na kosa lolote, kwa kuwa lenyewe ndilo la kwanza kumwita asiyekuwepo. Dawa ni kuiongezea amri -B na nukta moja, yaani kuiambia: nyumba yako ni hapa ulipo. Nukta ile ile ikaponya na kosa la tatu lililokuwa likingoja nyuma, la libtcc1.a.

Mtu akitaka kuijua kompaila na asomee makosa ya ujenzi, ila asiziamini anwani zake. Kosa huonyesha kamba ilipokatikia. Ilipofungwa vibaya ni mahali pengine, na mara nyingi ni juu zaidi. Nilijua hivyo, na bado kesho yake nikaingia mtegoni.

Kesho yake nikaandika funksheni ya kujumlisha namba mbili, nikaikompaili, nikaifungua kwa objdump ili nione baiti zake. Objdump ni ya furushi la binutils, ambalo, kwa taarifa yenu, limetafsiriwa ujumbe wake kwa Kinyarwanda. Kiswahili, na ukubwa wake wote, hakimo. Tuliache hilo. Funksheni yangu ilianza hivi:

55 48 89 e5 48 81 ec 10 00 00 00

Baiti 11. Ya kwanza huhifadhi rejista rbp. Tatu zinazofuata huinakili rsp kwenye rbp, yaani hupigilia mambo mahali mrundo (stack) ulipo sasa. Saba za mwisho huishusha rsp kwa 16, kwa sababu kwenye prosesa hizi mrundo hukua kuelekea chini, na funksheni yangu ilihitaji nafasi ya kuziweka hoja zake mbili, baiti 8 kila moja. Kumi na sita ni ile 10 ya heksadesimali. Baada yake sifuri, sifuri, sifuri.

Anayejua prosesa ataruka hapo hapo. Kupunguza 16 kuna njia fupi: 48 83 ec 10, baiti 4 badala ya 7. GCC huandika hivyo bila kuambiwa. Kwa nini TCC ibebe namba ya biti 32 kwa kitu kinachoenea kwenye biti 8?

Jibu limo kwenye faili x86_64-gen.c, na ni uamuzi mmoja uliotawala kompaila nzima: TCC hupita mara moja tu. Kompaila kubwa husoma programu yote, hujenga picha yake ya kati, huigeuza na kuigeuza, halafu ndipo huandika lugha ya mashine. TCC husoma neno na kuandika baiti, husoma neno na kuandika baiti. Inapofika kwenye mabano yanayofungua funksheni haijui ndani mna vigezo vingapi, hivyo haijui mrundo ushushwe kiasi gani. Wala haiwezi kungoja. Kwa hiyo huruka baiti 11, huziacha tupu, huendelea na mwili wa funksheni, na ikifika mwisho, hesabu ikiwa imeshakamilika, hurudi kuzijaza. Kumi na moja ni 1, na 3, na 7: umbo refu kuliko yote linaloweza kuhitajika. Imekata kanzu kabla ya kumwona mvaaji, ikaikata ya mtu mrefu.

Hila hiyo hiyo, kwa ustadi zaidi, ndiyo iliyomo kwenye miruko. Ukiandika sharti, na sharti lisipotimia, programu iruke mbele mpaka mwisho wa kipande. Mwisho uko wapi? Haujaandikwa bado. TCC huandika amri ya kuruka na kuacha baiti 4 za umbali. Sasa tuseme miruko minne yote inakwenda mahali pamoja, kila mmoja na baiti zake 4 tupu. Utaikumbuka vipi? Fundi mwingine angefungua daftari pembeni. Bellard aliandika ndani ya tundu lenyewe: baiti 4 za mruko wa pili hubeba kwa muda anwani ya tundu la kwanza, za tatu hubeba ya pili, za nne ya tatu. Kompaila hushika ncha moja tu. Pahala pakijulikana, huivuta ncha hiyo: hujaza tundu, na kabla ya kulijaza husoma ndani yake liko wapi jengine, mpaka ikute sifuri. Wasuka ukili wa hapa Pemba huacha ncha za miyaa zikining'inia upande mmoja kisha huzirudia. Na hii ndiyo kazi ile ile, isipokuwa hapa kila ncha imeandikwa ilipo mwenziwe. Utaratibu wote huo ni mistari isiyozidi kumi, kwenye funksheni iitwayo gsym_addr. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua nilizoandikiwa.

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikaibadilisha 11 ikawa 8, nikaweka amri fupi ya baiti 4, na mahali palipokuwa pakiandikwa namba ya biti 32 nikaandika baiti moja. Mistari mitatu. Nikajenga.

Kila kitu kilipita. Hata libtcc1.a, maktaba ndogo ambayo TCC iliyozaliwa sasa hivi huikompaili yenyewe, ilijengeka bila neno. Funksheni ya kujumlisha ikaanza kwa baiti 8 safi. Nikamwonyesha mpwa wangu kwa maringo. Kisha nikaendesha majaribio ya mradi. Yale ya mwanzo yakapita; tulipofika pale TCC inapojikompaili yenyewe halafu hiyo mpya ikapewa kazi, ikaanguka papo hapo, kwa kosa la kugusa kumbukumbu isiyo yake.

Tazama umbali huo. Kosa nililiandika kwenye msimbo unaokompailiwa na GCC, na GCC hakuwa na la kulalamikia. TCC iliyotoka ilikuwa nzima, kwa kuwa mwili wake ni kazi ya GCC. Libtcc1.a ilikompailiwa vibaya kimya kimya, kwani kuandika baiti mbovu hakumuumizi mwandishi. Aliyeumia ni kizazi cha pili, na maiti yake haikuwa na alama ya jeraha.

Nikapima kwa njia ya kijinga, ambayo ndiyo bora: funksheni yenye safu ya herufi 100 na amri moja ya kuchapa neno. Ikapita. Herufi 112, ikapita. Herufi 113, ikachapa neno vizuri kabisa, kisha ikafa ilipokuwa ikirudi.

TCC huizungusha nafasi ya mrundo iwe mafungu ya 16, kwa hiyo 113 huwa 128. Baiti moja yenye alama ya kujumlisha au kutoa huishia 127. 128 humo husomwa kama hasi 128. Kutoa hasi ni kujumlisha. Amri yangu fupi, badala ya kuushusha mrundo kwa 128, iliupandisha kwa 128, ikauweka juu ya vitu vya mwenyewe aliyeiita, na amri ya kuchapa ikafanya kazi zake huko juu na kuifuta anwani ya kurudi. Ndani ya TCC funksheni zenye nafasi kubwa ya kuwekea maandishi si chache. Herufi 1,024 na namba moja kamili huhitaji 1,040. Baiti yangu moja ilikata ikabakisha 16.

Mtu atasema: basi chagua, fupi ikitosha tumia fupi. Lakini wakati wa kuchagua mwili wa funksheni umeshaandikwa baada ya baiti 11. Kuupunguza mwanzo ni kuusogeza mwili wote nyuma, na kila wito wa funksheni ya nje uliokwishaandikishwa kwenye orodha ya viunganisho una anwani yake, ambayo nayo lazima irekebishwe. Miruko ya ndani haitadhurika, kwani huhesabu umbali na si mahali. Viunganisho ndivyo vitakavyopotea. Yote hayo kwa baiti 3 kila funksheni: programu ya funksheni 1,000 ikomboe baiti 3,000. Bellard aliilipa bei hiyo kwa macho makavu, na mimi nilidhani hakuiona.

Nikairudisha 11. Majaribio yakapita yote.

Mpwa wangu akaivuta laptop, akaandika funksheni yake mwenyewe yenye safu aliyoiita samaki, herufi 2,000, akaipitisha kwenye objdump na kuweka kidole kwenye kioo: 48 81 ec d0 07 00 00.

"Mjomba, sifuri moja imeondoka."

"Imepata mtu," nikamwambia. "Ongeza samaki."

Akaweka 70,000 na kubonyeza tena.