Faili Mbili kwa Jina Moja: Juu ya Istilahi za GRUB

Maandishi ya Kiswahili kuhusu Linux mara nyingi huliita tendo zima la mwanzo "kuwasha". Butembo na Beni, ambako umeme hukatika, watu huwasha jenereta kwanza, ndipo kompyuta iamke. Kati ya kuwaka kwa mashine na kuamka kwa mfumo hufanya kazi GRUB, programu inayopakia kiini. Kitenzi kimoja huifuta.

Kasoro kubwa zaidi ni "faili ya usanidi", istilahi inayotajwa kana kwamba faili ni moja. Katika Debian na Ubuntu zipo mbili: /etc/default/grub, ambayo mtu huirekebisha, na /boot/grub/grub.cfg, ambayo amri ya update-grub huizalisha upya. Onyo la kutoigusa hii ya pili limo kichwani mwake, kwa Kiingereza. Msomaji wa Butembo, aliyesomeshwa kwa Kifaransa na mwenye Kinande nyumbani, aweza kulipita. Hurekebisha humo, mashine hutii, hata kiini kipya kisakinishwapo kazi yake hupotea asijue sababu.

Napendekeza "faili ya maagizo" na "faili tokeo". Maagizo ni neno lieleweka­lo Unguja na Beni pia. Usanidi, sina hakika.