Molo kwa mara ya pili

Mswada wangu umekataliwa mara tatu. Mara ya tatu hata barua hakukuwa. Mhariri alinipigia simu nikiwa stejini hapa Nakuru, akaniambia hadithi ni nzuri ila shule hazitainunua, kwa sababu ina mambo ya vita vya kikabila. Labda nikitoa sura ya nne, akasema, tuongee tena. Nilimshukuru, nikaingia matatu ya Molo nilikokuwa naenda. Kwenye begi nilikuwa na The Last Villains of Molo, riwaya ya Kinyanjui Kombani. Niliianza upya tulipopita Njoro. Kufika Elburgon, hasira ilikuwa imepungua kidogo.

Riwaya hii ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004. Kombani aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Inamhusu Bone na wenzake, vijana wanaoishi Ngando, mtaa wa mabanda kule Nairobi, ambao yaliyotokea Molo mwaka 1992 hayajawaachilia. Anaingia Nancy, binti wa kitajiri, mapenzi yanaanza, na msomaji anashuku mapema kwamba mapenzi haya yana jambo nyuma yake.

Kinachonirudisha kwa kitabu hiki ni jina lake. Limeshawaita vijana hawa wabaya hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Lakini ukikaa nao Ngando, uone wanavyoshikana mikono ili siku ipite, unasita kulitumia neno hilo. Wengi wetu huku tunajua hali hiyo: kuishi jirani na mtu, umpende, na usitake kuuliza alikuwa wapi mwaka 1992.

Sio kitabu kisicho na kasoro. Ni kazi ya kijana, na inakimbia kama sinema. Siri inafuatwa na siri nyingine, na mambo yanakutana kwa bahati kuliko ninavyoweza kukubali. Mimi ningetaka Molo zaidi, ile baridi ya asubuhi na ile kimya ya baada ya moto, na visasi vipungue kidogo. Lakini nikiwa mkweli, kasi hiyo ndiyo iliyonifanya nisome sura tatu ndani ya matatu iliyojaa.

Sasa angalia safari ya kitabu chenyewe. Toleo la 2004 lilitoka kwa mchapishaji mdogo, Acacia. Longhorn wakakitoa tena mwaka 2012, miaka minane baadaye. Katikati ya matoleo hayo kulikuwa na uchaguzi wa Desemba 2007. Molo ikawaka tena, na Januari 2008 hapa Nakuru watu walilala kwenye uwanja wa maonyesho na watoto wao. Riwaya ambayo ungeweza kusema inahusu mambo ya zamani ikawa inahusu juzi. Kombani hakubashiri lolote. Alikataa tu kuliacha jambo ambalo lilikuwa halijaisha.

Na katika miaka hiyo alikuwa na kazi ya benki. Watu humwita mwanabenki anayeandika, kana kwamba benki ndiyo kitu cha kumsamehe. Mimi naona vingine. Mshahara ndio huupa mswada muda wa kungoja. Mwenye njaa atatoa sura ya nne leo jioni, na siwezi kumlaumu. Kombani aliendelea: Den of Inequities mwaka 2013, kisha Finding Colombia, iliyompa tuzo ya Burt mwaka 2018.

Tusijidanganye, lakini. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, na mhariri wangu hakunionea. Alisoma soko lilivyo. Wapo waandishi ambao toleo lao la pili halikufika kamwe, na uvumilivu wao haukuwa mdogo kuliko wa Kombani. Kwa hivyo sitamwambia mtu ang'ang'ane tu, mambo yatajipa. Ninachosema ni kwamba kuna sehemu za mswada ambazo zikitoka, hata ukichapishwa, hujachapisha kitu.

Pale Molo nilisimama kununua viazi. Mama muuzaji aliona jalada.

"Molo? Hii yetu?"

"Ndio, mama."

"Kwani inasema nini?"

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hivyo nikamsimulia kwa Kiswahili huku akinijazia ndoo. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza akauliza, "Na hao wabaya, wametajwa majina yao?"

Nikamwambia ni hadithi tu, majina ni ya kutunga.

"Haya," akasema, akaniongeza viazi viwili juu.

Tangu siku hiyo sijajua kama alifurahi au alisikitika. Ila nilijua kuna msomaji wa Kiswahili anayengoja, na hayuko shuleni. Usiku nilifungua mswada. Sura ya nne sikuigusa. Nilirudi sura ya kwanza, ambayo hakuna mhariri aliyeilalamikia, na ambayo, kusema kweli, ni mbovu.