Kufunga tundu mpaka mwisho? Hapana!

Ushauri huu bado unazunguka kwenye vyumba vya giza: ukitaka picha kali, funga tundu la lenzi ya mashine ya kukuzia mpaka f/16. Ni ukweli nusu. Tundu dogo huficha makosa madogo ya kulenga, sawa. Ila mwanga ukipita tundu dogo hutawanyika, na fizikia haibembelezwi. Hebu piga hesabu kwa mwanga wa nanomita 500: negativu ikikuzwa mara 8, nukta moja kwa f/16 inakuwa doa la karibu milimita 0.18 kwenye karatasi, kwa f/5.6 ni 0.06 tu. Jicho, kwa umbali wa kusomea, hutambua takriban 0.1. Yaani unachoma karatasi ya bei kununua ukungu!

Fanya hivi: washa taa, subiri negativu ipate joto, maana hubinuka. Lenga tundu likiwa wazi kabisa, kisha funga hatua mbili au tatu. Hapo rudia kukagua chembe za filamu kwa kioo cha kulengea, kwani lenzi nyingine huhamisha fokasi zikifungwa. Bado chembe za pembeni hazijatulia? Kagua kama negativu, lenzi na ubao viko sambamba. Kosa hilo f/16 hulifunika tu, hailitibu.